Kisu Kidogo cha Kukunja: Namna ya Kukichagua, Kukitumia na Kukitunza Mtwara na Lindi

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anapokwenda shambani huchukua panga, na mama wa Mikindani ana kisu chake kirefu cha kupasulia samaki jikoni. Zana hizo mbili hazina mbadala katika nafasi zake. Hata hivyo, zipo kazi nyingi za siku ambazo panga ni kubwa mno kuzifanya na wembe ni dhaifu mno kuzihimili: kukata uzi wa gunia, kumenya chungwa safarini, kuchonga kalamu ya risasi ya mtoto, kukata raba ya kufungia mzigo, kubebesha mche wa mkorosho, yaani kuupachikia kipande cha tawi la mti mwingine. Hizo ndizo kazi za kisu kidogo cha kukunja, yaani kile ambacho ubapa wake huingia ndani ya mpini na kukaa mfukoni bila kumdhuru aliyekibeba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukichagua, namna ya kukitumia, na namna ya kukilinda dhidi ya chumvi ya bahari na utomvu wa miti, vitu viwili ambavyo katika pwani ya kusini huharibu visu vingi kuliko kazi yenyewe.

Kukichagua

Kabla ya kulipa, kifungue na kukifunga mara kadhaa mbele ya muuzaji. Kikiwa wazi, shika mgongo wa ubapa kwa vidole na uutikise kulia na kushoto. Ukicheza kwenye ribiti, yaani pini inayoushikilia kwenye mpini, kirudishe mezani hata kama mpini wake unapendeza, kwa kuwa ribiti iliyolegea huzidi kulegea kila siku na haina marekebisho ya maana. Kisha kifunge na ukikague kwa upande: ncha na makali yawe yamezama kabisa ndani ya mpini, pasiwe na sehemu inayochungulia nje na kungoja kidole.

Visu hivi ni vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hushikiliwa wazi na springi peke yake, na ukisukuma mgongo wa ubapa kwa nguvu hujifunga. Namna ya pili ina kifungio, ambacho huweza kuwa komeo dogo la chuma mgongoni mwa mpini au pete inayozungushwa shingoni mwa kisu, na haifungiki mpaka uondoe kifungio hicho kwa makusudi. Kwa kumenya matunda na kufungua barua, ile ya springi inatosha. Kwa kamba, mbao na kazi za shambani, chukua chenye kifungio, kwa sababu ajali mbaya zaidi ya kisu cha kukunja si ile ya kukata unachokikata, ni ile ya ubapa kujifunga juu ya vidole vilivyoushika mpini.

Urefu wa ubapa kati ya sentimita 6 na 9 unatosha kwa karibu kila jambo litakalotajwa hapa. Kuhusu chuma, mnunuzi ana njia mbili. Chuma cha kaboni hunoleka upesi na hupata makali mazuri, ila hushika kutu kwa haraka. Chuma kisichoshika kutu huhitaji subira kwenye kinoo, lakini huvumilia unyevu. Anayeishi Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, au Masasi, anaweza kuwa na kisu cha kaboni kwa miaka mingi bila taabu. Anayeishi Msimbati, Mchinga au Kilwa Masoko, ambako upepo wenyewe una chumvi, ataishi kwa amani zaidi na hicho cha pili.

Kati ya visu vyenye majina, Okapi ndicho chenye historia inayotugusa. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika, wakati Mikindani na Lindi zikiwa chini ya utawala huohuo, na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mbao hupambwa kwa alama za mwezi na nyota. Opinel cha Ufaransa kilibuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, na pete yake ya kufungia ikaongezwa mwaka 1955. Ni chepesi, na ubapa wake mwembamba hupita kwenye chakula bila kukipasua. Victorinox ya Uswisi, iliyotokana na karakana aliyoifungua Karl Elsener mwaka 1884, ndiyo asili ya vile visu vyekundu vyenye mkasi, bisibisi na vifungulio vingi ndani ya mpini mmoja. Vyenyewe ni vizuri, lakini viigizo vyake vya bei ya chini vinavyotandazwa kwenye meza za sokoni havifai: mkasi hulegea, bisibisi hupinda, na mwenye kisu hubaki na ubapa mmoja mbovu uliozungukwa na vyuma visivyo na kazi. Kwa fedha hiyohiyo ni afadhali kununua kisu cha ubapa mmoja kilichotengenezwa kwa uaminifu.

Mkono unavyopaswa kukaa

Kanuni ni chache na hazina upendeleo kwa mzoefu. Kata kwa kuelekeza makali mbali na mwili, na mkono unaoshikilia kitu ukae nyuma ya makali, si mbele yake. Kata kwa kuvuta na kutelezesha, usisukume kwa nguvu, kwani kisu kinachohitaji nguvu nyingi ni butu na kinangoja kuteleza. Usidunge kwa ncha ya kisu kisicho na kifungio. Unapompa mwenzako kisu, kifunge kwanza, kisha umkabidhi. Ikibidi kukitoa kikiwa wazi, kwa mfano mikono yako ina magamba ya samaki, kilaze chini yeye mwenyewe akiokote. Mtoto anayefundishwa kukitumia akae chini, na duara la urefu wa mkono wake libaki bila mtu. Hata mzee wa miaka sabini hapaswi kukata kitu juu ya paja lake, ambako mshipa mkubwa wa damu hupita karibu na ngozi.

Magunia na maboksi

Msimu wa korosho, unaoanza kwa wengi kati ya Septemba na Oktoba, ndio unaoonyesha tofauti kati ya kufungua gunia na kuliharibu. Gunia la juti lililoshonwa mdomo kwa shazia lina fundo mwanzoni na fundo mwishoni. Asiyejua hupitisha kisu kwenye mshono wote na kukata nyuzi za gunia lenyewe, na gunia lenye tundu halifai tena kubebea mazao. Anayejua hutafuta fundo moja, huingiza ncha chini ya uzi huku makali yakitazama juu, yaani mgongo wa kisu ukiwa umegusa gunia, kisha huinua. Uzi hukatika, juti haiguswi, na kinachobaki ni kuvuta uzi huo pingili kwa pingili kwa mkono. Mbinu hii ya kugeuza makali yatazame juu ni ya kukumbukwa, kwa kuwa inafaa kila mahali ambapo kinachokatwa kimelala juu ya kitu usichotaka kukidhuru: uzi juu ya nguo, kamba juu ya ngozi ya mbuzi aliyejinyonga na kamba yake, au bendeji juu ya kidonda.

Mifuko mingi ya sukari na unga hushonwa kwa mashine, na mshono wake una siri. Upande mmoja una mstari wa uzi ulionyooka, na upande wa pili una vitanzi vilivyoshikana. Geuza mfuko ili upande wenye mstari ulionyooka ukutazame, kata uzi mwanzoni kabisa mwa kona ya kulia, kisha vuta. Mshono hufumuka wote kwa mvuto mmoja. Ukigoma, umekamata ncha isiyofumuka. Jaribu kona nyingine kabla ya kukasirika.

Kwa maboksi, toa ncha peke yake, milimita chache, na uipitishe juu ya gundi ya karatasi. Ubapa ukizama wote, utakata kilichomo ndani, na kama ni vitenge vya dukani, hasara itakuwa yako.

Matunda na muhogo

Chungwa la kula njiani humenywa kwa kuondoa lile ganda la nje tu na kuacha utando mweupe, kwa mkato mmoja unaozunguka toka kichwani hadi kitakoni, huku chungwa ndilo linalozungushwa na kisu kikiwa kimetulia. Baada ya hapo hukatwa kifuniko kidogo juu, na mlaji hufyonza bila kulowana. Embe bolibo au dodo likatwe mashavu mawili kandokando ya kokwa. Lakini kwanza kata kikonyo chake na uliache litiririshe utomvu kwa muda, kwa kuwa utomvu huo huunguza midomo. Kabla ya kulikabili fenesi, paka ubapa na vidole mafuta ya kupikia. Asiyefanya hivyo atatumia muda mrefu kuondoa ulimbo kuliko alioutumia kula. Juisi ya bibo nayo hutia nguo doa lisilotoka na huupa ubapa wa kaboni rangi nyeusi, basi kisu kifutwe mara tu baada ya kulikata.

Muhogo unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi huumenya kwa kuuparua na kupoteza nyama nyingi. Kata ncha zote mbili. Pitisha makali kwa urefu wa muhogo, kwa kina cha ganda tu, takriban milimita mbili, mpaka uonekane mstari mweupe. Geuza mkono, laza ubapa uingie chini ya ukingo wa ganda upande mmoja wa mstari huo, kisha inua kwa kuusaidia na kidole gumba huku ukiuviringisha muhogo kwa mkono mwingine. Ganda jembamba la kahawia hutoka likiwa limeshikana na lile nene la ndani, na kwa muhogo uliochimbwa asubuhi hiyo huachia lote kwa kipande kimoja, likitoa mlio mdogo wa kubanduka. Muhogo uliokaa siku kadhaa baada ya kuchimbwa hauachii hivyo, na huo utalazimika kuumenya kwa vipande. Muhogo mchungu usionjwe ukiwa mbichi hata kama umemenywa vizuri, kwa kuwa una viini vinavyozaa sumu ya sianidi, vilivyo vingi zaidi kwenye ganda, na ambavyo hupunguzwa kwa kuloweka, kuanika na kupika.

Samaki na kazi za pwani

Kisu cha kukunja si kisu cha kuuzia samaki, na mparaji wa sokoni hawezi kukifanyia kazi siku nzima, maana damu na magamba huingia kwenye tundu la mpini na kuozea humo. Ila kwa samaki wawili watatu walionunuliwa ufukweni kinatosha. Changu aparwe kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Ukitumia makali utachana ngozi na utayafanya kuwa butu. Kolekole ana mstari wa magamba magumu ubavuni karibu na mkia, na huo huondolewa kwa kulaza ubapa na kuukata kwa kuelekea mbele. Unapopasua tumbo, anzia kwenye tundu la haja kuelekea kwenye mashavu, ncha ikiingia kidogo tu na makali yakitazama nje, ili nyongo isipasuke na kutia uchungu nyama yote.

Mvuvi wa mshipi hukitumia zaidi kukata chambo cha ngisi na kukata mshipi ulionasa kwenye miamba. Kwake, jambo la kwanza ni kukitoboa au kukifungia kamba fupi kwenye mpini na kuifunga kamba hiyo kiunoni, kwa sababu kisu kinachoanguka kutoka kwenye ngalawa hakina njia ya kurudi. Jambo la pili ni kukiweka mahali ambapo mkono mmoja unaweza kukifikia. Kamba ya nanga au wavu ukishika mguu wa mtu, mkono wa pili huwa una kazi nyingine.

Kubebesha miche

Kwa mkoa unaoishi kwa korosho, hapa ndipo kisu kidogo kinapolipa gharama yake. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichopo Mtwara, ndicho kinachoshughulikia utafiti wa zao hili, na ubebeshaji wa miche ni njia mojawapo ya kupata mikorosho inayofanana na mti mama mzuri, kwa kuwa mbegu ya korosho haizai lazima mti unaofanana na mzazi wake. Kazi yenyewe ni ya kisu zaidi kuliko ya kitu kingine chochote.

Shina la kubebeshewa liwe mche wa umri wa siku 45 hadi 60, na kikonyo, yaani kipande kitakachopachikwa, kitoke kwenye tawi changa la mti uliochaguliwa, kikiwa na unene sawa na shina, urefu wa takriban sentimita 10, na kichomozo cha juu kilichovimba ambacho bado hakijafunguka. Siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, majani yake yapunguzwe na kuachwa vikonyo vya majani peke yake, ambavyo vitadondoka vyenyewe. Siku ya kazi, nawa mikono, osha ubapa, na ufute kwa spiriti. Kata kichwa cha mche mahali penye ulaini, kisha upasue shina katikati kwenda chini kwa sentimita 3 hadi 5. Chonga mwisho wa kikonyo kwa mikato miwili ya kuvuta, mmoja kila upande, upate umbo la kabari lenye urefu uleule wa mpasuo.

Hapo ndipo makali hujulikana. Kila uso wa kabari unapaswa kutoka kwa mkato mmoja, uwe tambarare na wenye unyevu. Ukiona mawimbi au nyuzi zimening'inia, kisu hakikukata, kilirarua, na sehemu zilizoraruliwa haziungani. Usirudierudie kuchonga hapohapo mpaka kikonyo kiwe chembamba. Kitupe, noa, chukua kingine. Usiguse uso uliokatwa kwa kidole. Ingiza kabari kwenye mpasuo, hakikisha ganda la kikonyo limekutana na ganda la shina walau upande mmoja, funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, na ufunike kwa kifuko chembamba cha plastiki kivulini. Kabla ya mche unaofuata futa ubapa tena kwa spiriti, kwa sababu kisu kinachoruka kutoka mche hadi mche bila kusafishwa husambaza ugonjwa kwa ustadi mkubwa.

Kamba, raba na miyaa

Kamba ya nailoni ikatwe kwa kuikunja juu ya ubapa na kuvuta, au kuilaza juu ya ubao, na mwisho wake uchomwe kidogo kwa kiberiti usifumuke. Kamba ya usumba au katani haiyeyuki hivyo. Ifunge kwa uzi pande zote mbili za mahali unapotaka kukata, ndipo ukate katikati.

Waendesha bodaboda wengi hutegemea raba zilizokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, na kuzikata kwa mkono kuna mbinu yake. Chovya ubapa kwenye maji yenye sabuni, mwambie mwenzako auvute mpira ukaze, kisha utelezeshe kisu kwa mkato mrefu usiokatishwa. Mpira mkavu hung'ang'ania chuma. Ukiwa na maji huachia. Mkato uwe ulionyooka, kwani kila kijikwaruzo kilichobaki ukingoni ndipo raba itakapochanikia siku mzigo utakapokuwa mzito.

Kwa wasukaji wa mikeka, ncha kali ya kisu kidogo huchana miyaa kwa upana unaolingana, ingawa mafundi wengi wa kazi hiyo hutegemea ukucha wao, nao ni mwepesi kuliko kisu chochote.

Nyaya za umeme

Ganda la waya linaweza kuondolewa kwa kisu: zima swichi kuu kwanza, laza ubapa kwa mshazari juu ya waya, na unyoe ganda upande mmoja kabla ya kulikunja na kulikata, bila kuzungusha makali kwenye shaba, kwa kuwa shaba iliyotiwa alama hukatikia hapo baadaye. Waya za sola nazo zitenganishwe kwanza na betri. Usiutegemee mpini wa kisu cha kawaida kuzuia umeme.

Kazi zisizo zake

Ncha si bisibisi, na ubapa si mtaimbo. Mifuniko ya ndoo za rangi, skrubu na makopo ndiyo iliyovunja ncha za visu vingi zaidi. Mpingo nao, mti ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, uachiwe tezo na patasi za wachongaji wa Kimakonde. Kisu cha mfukoni kikitumika hapo, kiwe cha kusafisha vipembe mwishoni tu.

Onyo moja ni la kwetu hasa. Usipasue korosho mbichi kwa kisu cha mfukoni. Kati ya matabaka ya ganda lake kuna mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha malengelenge, na ndiyo sababu wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi. Yakiingia kwenye tundu la mpini, yataigusa ngozi yako kila utakapokishika, na kesho yatakuwa kwenye chungwa la mtoto. Kisu kidogo kiishie kwenye kuondoa nyama ya bibo iliyobaki kwenye korosho baada ya kuinyonga kwa mkono, kwa sababu nyama hiyo huleta ukungu ghalani na kushusha daraja la korosho.

Kunoa

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na makali hayatoki kwenye saruji ya barazani, ambayo hula chuma kingi na kuacha makali yenye meno yasiyo sawa. Tumia kinoo chenye upande mkwaruzo na upande laini. Kama huna, geuza kikombe au sahani ya udongo: ile pete ya chini isiyopakwa rangi inayong'aa hunoa vizuri kisu ambacho hakijawa butu kabisa.

Pembe inayofaa kwa kisu cha kazi mchanganyiko ni takriban nyuzi 20 kila upande. Ili kuiona, chukua karatasi yenye kona mraba, ikunje kona hiyo katikati upate nyuzi 45, ikunje tena upate nyuzi 22 na nusu, uisimamishe kando ya kinoo na ulaze kisu kiifuate. Lowanisha kinoo kwa maji. Anza upande mkwaruzo, ukipeleka makali mbele kuanzia shingoni hadi nchani bila kubadili pembe, na ubaki upande mmoja wa kisu mpaka upande wa pili, ukiupapasa kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, uhisi ukingo mdogo uliojikunja ukikwaruza. Ukingo huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Bila huo, umenoa mbavu za kisu tu. Fanya hivyo upande wa pili, kisha hamia kwenye upande laini na upishanishe, mkato mmoja kila upande, kwa mkono unaozidi kuwa mwepesi. Malizia kwa kuuvuta ubapa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Nyanya iliyoiva ni mtihani wa haki: kisu kizuri hukata ganda lake kwa uzito wake mwenyewe.

Kukitunza

Kisu kilichogusa maji ya bahari kisuuzwe kwa maji baridi ya kunywa siku hiyohiyo, tundu la mpini likiwemo, kikaushwe kwa kitambaa na kuachwa wazi kivulini mpaka ndani pawe pakavu. Kijiti cha meno kilichofungwa kitambaa hutoa vumbi na nyuzi za mfukoni kwenye tundu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti linatosha, na kwa ubapa unaogusa chakula paka mafuta ya nazi kiasi cha kuufanya ung'ae. Baada ya samaki au nyama mbichi, osha kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kumenya tunda. Utomvu wa fenesi au embe huondolewa kwa mafuta ya taa au ya kupikia, halafu sabuni; maji peke yake huugandisha zaidi. Madoa ya kutu yaliyoanza yasuguliwe kwa majivu na kipande cha ndimu, kisha kisu kioshwe upesi, maana tindikali ya ndimu ikiachwa nayo hula chuma.

Ukijikata

Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funika. Usipake majivu, kahawa, wala mafuta ya taa. Jeraha lenye kina, linaloachama, linalotoa damu isiyokoma, au lililofanya kidole kikose hisia au kisikunjike lipelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, na hapo uulizie chanjo ya pepopunda, hasa kama kisu kilikuwa kimegusa udongo au samaki.

Mahali pa kuwa nacho na mahali pa kukiacha

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inamhesabia kosa mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kilichofungwa, kilichomo mfukoni mwa mtu anayetoka shambani au kazini, kina maelezo yake. Kisu hichohicho kikichezewa mkononi kwenye kilabu cha pombe usiku hakina. Kiache nyumbani unapokwenda mahakamani, shuleni, kwenye mkutano wa hadhara, au kwenye mechi ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ambako utakipoteza mlangoni kwa mkaguzi bila risiti. Mwenye safari ya ndege kutoka Mtwara akiweke kwenye begi litakalopakiwa chini ya ndege, kikiwa kimefungwa na kuviringishwa kitambaa, na afanye hivyo akiwa bado nyumbani, kwa kuwa begi likishakabidhiwa kaunta halirudishwi kwa ajili ya kisu kilichosahauliwa mfukoni.